Samaki wa Mama Yake Fundi

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo. Natumaini mguu wako umepona na sasa unakanyaga chini bila fimbo, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Hali yangu mimi, nivumilie kidogo. Nitakujibu mwishoni, Mungu akinijalia.

Hapa jikoni leo ni sikukuu. Unajua napikia mafundi wa kiwanda waliotoka nchi mbalimbali, na msimamizi kasema kila mmoja apate mezani chakula cha sikukuu cha kwao. Basi jiko limekuwa dunia nzima. Mchomeaji vyuma ametaka unga wa mahindi wenye nyama ndani, ufungwe kwa maganda ya mahindi na kuiva kwa mvuke. Fundi rangi kaleta keki ya matunda makavu iliyolowekwa mvinyo miezi na miezi. Nimeikata nimegeuza uso, Mungu anisamehe. Fundi umeme hagusi chakula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nikamuuliza, je, mawingu yakitanda? Akasema kwao bibi yake huapa ameiona.

Anayenitia hofu ni fundi mitambo, yule wa nchi ya theluji. Samaki wao huja mkavu kama ubao. Unamloweka siku kadhaa kwenye maji, kisha kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, usishangae, halafu unambadilishia maji safi kila siku mpaka ukali wote utoke. Usipotoka, unachoma koo. Dobi wetu wa hapa kiwandani alipochungulia ndoo alicheka mpaka akakaa chini, akasema hiyo si mboga, shoga yangu, ni sabuni yenye mapezi, nimpe akafulie mashuka.

Mimi sikucheka. Samaki huyo alikaushwa na mama yake fundi, akamtumia mwanawe, kisha mama huyo akafariki kifurushi kikiwa njiani. Hakuna mwingine tena. Fundi alinieleza hayo akiwa ameinamia ndoo, mtu mzima na ndevu zake, nami nikamwambia, mwanangu, niachie mimi.

Dada, bomba likakauka! Maji ya tangi msimamizi akayatia kufuli, ni ya kunywa na ya uji tu. Samaki akabaki kwenye maji yale yale yenye ukali wa magadi, siku ya kwanza, na ya pili. Fundi alipopita kuuliza kama nimebadilisha, nikasema nimebadilisha. Ulimi ulikimbia mbele ya akili. Niliogopa atamtupa samaki wa mama yake, na niliogopa kibarua changu kitaota nyasi.

Leo asubuhi maji yamerudi. Nimemwosha, nikamwosha tena, nikambandika kwenye sufuria. Kufunua, sufuria niliyoisugua ikang'aa kama kioo imekuwa nyeusi ndani, ti! Mfuniko ukaniponyoka. Sijui kama samaki huyu hufanya hivyo siku zote au ni ukali uliobaki. Wa kumuuliza ni mmoja tu, na huyo ndiye niliyemdanganya. Naye ameshamwahidi kila mwenzake kipande. Nasikia viti vinaburutwa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nilipoandika "Dada yangu kipenzi" pale juu, kipande cha samaki huyo kilikuwa kimeshanipita kooni. Nilisali, nikameza, nikashika kalamu. Nilijiambia nikiimaliza barua nikiwa mzima, nitapakua. Kwa hiyo wewe ukisoma habari za keki na nyota, mimi nilikuwa nalisikilizia koo.

Hali yangu, basi: ulimi una ganzi kidogo na koo linawasha. Au ni hofu, siwezi kuvitenganisha. Tumbo limetulia. Lakini kadiri ninavyoandika naona nimejidanganya na mimi pia. Koo langu moja haliwezi kuwajibia watu meza nzima. Nitamwita fundi kabla sijapakua, nimwonyeshe sufuria, nimwambie maji sikubadilisha. Samaki ni wa mama yake, aamue yeye. Akinifukuza, nitandikie mkeka, nakuja na sanduku langu.

Wasalimie wote nyumbani, na usiache kuniombea. Najua utakachosema: tangu utoto mimi huonja kwanza, ndipo niulize. Kweli, dada. Leo naenda kuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Mpishi