Spika za Harm na Sauti ya Mama

Lindengracht, ghorofa ya tatu,
Amsterdam.
17 Machi 2024

Mpendwa Mama Mdogo Geeske,

Salamu nyingi zikufikie huko New Zealand, ambako nadhani mmeanza kutafuta masweta wakati sisi huku tunayavua. Nyonga inaendeleaje? Mwanao Wiebe ameniambia kwenye simu kwamba sasa unatembea bila fimbo, ila hutaki kukubali kuwa daktari alisema kweli. Nilicheka, maana huo ndio ukoo wetu. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo ngazi za nyumba hii zinalimaliza polepole.

Ninaandika nikiwa nimejibanza kwenye kona ya meza, kwa sababu kwingine hakukaliki. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumweleza na asinicheke sana.

Unaikumbuka santuri ya kwaya yenu, ile mliyorekodi kanisani kijijini mwaka mmoja kabla hujahama? Yako ilivunjika melini. Hii ya mama ndiyo iliyobaki, na sijui kama ipo nyingine duniani. Upande wa pili, wimbo wa tatu, mama anaimba beti mbili peke yake. Tangu tumzike sina sauti yake mahali pengine popote, hata kwenye simu. Kaka Harm nami tuliigombania wakati wa kugawana vitu vyake mpaka tukaacha kusemezana. Mwishowe aliniachia, kwa sharti kwamba nisiisikilize bila yeye. Nikakubali. Halafu hakukanyaga kwangu miaka miwili.

Isitoshe, sikuwa na kitu cha kuipigia. Majira ya baridi nilikaa nikasoma na kuulizia, nikajua ninachotaka: gramafoni yenye mkono mwepesi wa kusawazisha, ili sindano isiilime santuri, amplifaya ndogo yenye tundu lake la gramafoni, na spika mbili za kukaa kwenye rafu kati ya vitabu. Gramafoni nilinunua kwanza. Vingine nikaviahirisha mpaka ipite siku yangu ya kuzaliwa, na hapo nikajikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Hujasahau sherehe zetu zilivyo. Viti vinapangwa duara, kila anayeingia anawapa hongera wote waliokaa, unapewa kipande kimoja cha keki, na hunyanyuki mpaka kahawa ya pili. Safari hii Harm alikuja. Nilipomwona mlangoni moyo ulinipasuka kwa furaha, na kwa sababu ya furaha hiyo nikaropoka habari za gramafoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zote zikamwagwa sebuleni kwangu.

"Spika ndogo hazina maana," akasema Joop, jirani yangu wa chini. "Utasikia kwaya ya sisimizi."

"Huyu aliniletea kubwa nyumbani," akadakia wifi Jantina, akimnyooshea Harm kijiko. "Nikamwambia chagua, zikae hizo au nikae mimi. Sasa zimelala kwenye banda la baiskeli."

Watu wakacheka. Harm hakucheka. Alikuwa akitazama keki yake.

"Basi nitakuletea wewe, mdogo wangu," akasema. "Na amplifaya yake. Kwako hakuna wa kuzifukuza."

Duara zima likanigeukia. Ningesema nini, Mama Mdogo? Mtu ambaye hajaniamkia miaka miwili ananipa kitu anachokipenda. Nikasema itakuwa vizuri sana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi iliyofuata zikaletwa. Ngazi zetu hazipitishi hata godoro, kwa hiyo tulizitia kamba kwenye ndoano ya kupandishia mizigo iliyo juu ya paa na kung'oa fremu ya dirisha. Joop akavuta akiwa barabarani, Harm akiamrisha kutoka juu.

"Vuta bwana. Umekula nini leo?"

"Keki ya Hilje," akajibu Joop. "Ndiyo maana sina nguvu."

Zikaingia. Kila moja ni kabati. Moja imeziba nusu ya dirisha, nyingine imesimama mbele ya mlango wa kibaraza, nami napita kiubavu kwenda jikoni kuchemsha maji. Ili zitoke inatakiwa kamba, fremu ing'olewe tena, Joop, na ridhaa ya Harm. Nimenasa. Nyumba hii ninayoipenda nimeanza kuichukia. Nikimwambia azitoe, naogopa hatarudi, na bila yeye sauti ya mama siruhusiwi kuisikia.

Jana alikuja tusikilize. Nilimwambia kwamba amplifaya yake haina tundu la gramafoni, kwamba tunahitaji kwanza kisanduku cha kuinua sauti ya sindano.

"Amplifaya hii imepiga harusi yangu."

"Harusini mlipiga kanda, kaka."

"Hilje, acha ubishi. Weka."

Nikateremsha sindano mwanzoni mwa upande wa pili. Harm akafungulia sauti mpaka mwisho. Kukatoka mngurumo, na nyuma yake kwaya hafifu, kama watu wanaoimba nyumba ya tatu. Akachomoa nyaya, akachomeka, akagonga kabati moja kwa ngumi. Uso ulimwiva. Kisha akaizima amplifaya na kuketi sakafuni kati ya spika zake, maana hakuna pengine pa kuketi.

"Nimekuharibia nyumba bure," akasema.

Santuri ilikuwa bado inazunguka, na nyimbo mbili za kwanza zilikuwa zimeshapita. Nilikuwa nasubiri wimbo uishe ndipo niinue mkono, nisije nikaikwaruza. Katika ukimya ule tukasikia mtu anaimba.

Ilikuwa sindano yenyewe. Sikujua kwamba inaimba hata bila umeme wa spika. Harm akatambaa, akainamisha sikio, nami nikainama upande wa pili mpaka vichwa vikagusana. Alikuwa mama, sauti ndogo kama chawa, lakini mama. Kabla ya ubeti wa pili unamsikia akivuta pumzi. Kisha kwaya ikaingia.

"Huyo Mama Mdogo," akanong'ona Harm. "Anawahi, kama kawaida yake."

Wimbo ulipoisha alijifuta uso kwa mkono wa shati. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kumweleza habari za spika. Nikafungua mdomo.

"Usiguse chochote," akasema. "Viache hivi hivi, kama vilivyo. Nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

Nikaufunga.

Nisalimie Wiebe na mkewe Ngaire, na umbusu Tess mdogo kwa niaba yangu. Mungu akuimarishie nyonga hiyo mpaka uje mwenyewe uinamishe sikio. Ukija, pita kiubavu.

Mwana wa dada yako, akupendaye kutoka kati ya kabati mbili zilizozimwa,

Hilje