Juisi Iliyoganda Juu ya Macho

Jumatatu, 3 Juni
Leso mkononi tena. Machozi tangu asubuhi, bila huzuni yoyote. Ni dawa ya kansa ya titi. Tangu dripu ya pili macho yanawaka kama yamepakwa pilipili. Uzi umekataa kuingia sindanoni. Nimeipiga cherehani teke. Mguu ndio umeumia.

Alhamisi, 6 Juni
Nguo ya bibi arusi anayetoka Nyangezi nimeirudisha bila kuimaliza. Aibu. Nywele zilienda, nikanyamaza. Titi, nikanyamaza. Macho hapana. Macho ndiyo kazi yangu. Nimemwambia mume wangu, Papa Ombeni: dripu ya tatu siendi. Akaacha kula, fufu ikabaki sahanini, akatoka.

Jumapili, 9 Juni
Wamama wa shirika letu la kanisani walikuja kunisalimia baada ya misa. Kuona machozi tu, wakadhani kuna msiba. Mmoja akavua viatu, akakaa chini. Mwingine akaanzisha wimbo wa matanga. Nikawaambia hakuna aliyekufa. Wakazidisha sauti, eti maskini, amechanganyikiwa. Nilicheka mpaka nikakasirika. Walipoondoka nikaogopa sana. Bila dripu, wimbo ule utaimbwa kweli.

Jumanne, 11 Juni
Papa Ombeni amenikokota hospitali. Daktari anasema kansa haijaingia machoni. Ni dawa tu. Siku ya dripu nifumbe macho, niyawekee barafu iliyofungwa kitambaa. Baridi hubana mishipa, hivyo dawa hufika machoni kidogo tu. Si wote wanaopata nafuu, alisema. Nimekubali kujaribu dripu moja tu. Ikishindikana, naacha.

Jumatatu, 17 Juni
Umeme hakuna tangu jana. Barafu imebaki kwa jirani tu, muuza juisi mwenye jenereta. Kanipa pakiti mbili za juisi nyekundu, ngumu kama mawe. Nikazifunga kwenye kipande cha kitenge. Katikati ya dripu moja ikapasuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga kelele: "Maman iko natoka damu mu macho!" Muuguzi akaja mbio, akanusa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikabaki na pakiti moja, naihamisha kulia, kushoto. Paji la uso liliuma kwa baridi. Nikavumilia.

Jumatano, 26 Juni
Macho yametulia. Si kabisa, asubuhi yanalowa kidogo, kisha basi. Nimeshona pindo la sketi nzima. Afueni! Nilikaa tu kwenye stuli, naitazama kwa furaha.
Jioni nimemwambia Papa Ombeni kwamba dripu inayofuata nitaenda. Aliingia jikoni. Nikasikia sahani zinagongana. Anaosha vyombo, mwanaume ambaye hajawahi kugusa beseni. Alikaa huko muda mrefu. Sikumfuata.