Jezi Kumi na Mbili Kwenye Kamba: Kumkumbuka Mlingoti Wetu

Ni mwaka mmoja sasa tangu Jumapili ile ulipoloweka jezi kwenye beseni, ukasema unajinyoosha kidogo mpaka uchafu ulainike. Hukuamka. Ukatuachia beseni, na jezi, na kitendawili ambacho mama yako alikataa kukijibu.

Mlingoti wetu, benchi dogo bado liko miguuni mwa kitanda chako, pale ulipolisogeza ili miguu isining'inie. Kila mgeni anayelala humo anauliza benchi ni la nini. Tunamwambia ni la mtu mrefu. Hatuliondoi.

Ulianza urefu mapema. Mama yako alikushonea sketi ya shule mwezi wa kwanza, kufika mwezi wa sita pindo limeshafunguliwa lote na magoti yako nje. Watoto wa mtaani wakakuita Mlingoti, ukarudi unalia. Kaka yako akatoka kwenda kuwagombeza, akarudi na yeye anakuita Mlingoti. Ulikuwa na miaka kumi na miwili mwalimu wa michezo alipokuona ukishusha mpira uliokwama juu ya paa la choo cha shule, bila kupanda hata jiwe. Hakukuuliza jina. Alikuuliza unavaa viatu namba ngapi.

Jioni ile ulimkuta mama yako jikoni, ukamwambia, "Kitendawili." Akasema, "Tega." Ukasema, "Kapu langu halina kitako, nalijaza kutwa nzima halijai." Mama yako, aliyekufundisha vitendawili tangu hujaota meno, akafikiri mpaka sufuria ikaanza kuungua. Ikabidi akupe mji. Kwetu miji haikuwa mbali. Aliyeshindwa alitoa jikoni, au uvunguni mwa kitanda, au kibandani kwa fundi saa. Akakupa jikoni. Ukasema umefika jikoni, umepokewa vizuri, umekalia kigoda chenye miguu yote mitatu, na jibu ni goli la mpira wa kikapu. Mama yako akasema kutia kitu kwenye kapu lililotoboka ni kazi ya wasio na kazi.

Ukaifanya miaka kumi na tisa.

Wengi wanaosoma hapa wanakukumbuka chini ya goli, mikono juu, mpira ukitoka kwenye chuma unakukuta umeshafika. Wanakumbuka timu ya taifa na kile kikombe mlichorudi nacho. Sisi tunakumbuka barafu kwenye goti, soksi zilizoanikwa dirishani, na namna ulivyokuwa ukila umesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Medali zako mbili mama yako alizitundika kwenye msumari wa kalenda, na kila mwaka kalenda ikibadilishwa zilivuliwa na kuvalishwa upya. Uwanjani alikuja mara moja tu. Ulipoangushwa, alifunika uso kwa mtandio mpaka mechi ikaisha, kisha akauliza nani kashinda.

Kano la goti lilipokatika ulirudi na magongo mawili, ukakaa pale pale jikoni, ukasema, "Mama, kapu limejaa." Ni siku pekee tuliyokuona huna utani.

Lakini hukukaa sana. Ulipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako hawakuhitaji tena ngazi ya kufikia rafu ya juu, na kila saa kumi alasiri ukawa unatoka na filimbi shingoni kwenda kufundisha wasichana. Uwanja wenyewe ulikuwa na nyufa, na goli moja halikuwa na wavu. Meza yetu ya kulia ikageuka uwanja: vizibo vitano vyekundu, vizibo vitano vyeupe, nawe unavisogeza kwa kidole huku chakula kinapoa. Tumewahi kukuta kizibo ndani ya sukari. Mama yako alikutishia kuvitupa vyote. Hakutupa hata kimoja.

Jezi ulizileta nyumbani kila Jumapili kwa sababu, ulisema, kuna nyumba hazina maji ya kutosha na hutaki msichana aone aibu ya jasho. Kumi na mbili, kuanzia namba nne hadi namba kumi na tano. Wewe unafua, mama yako anaanika. Ananung'unika, lakini namba iliyobanduka anaishona kabla hujaiona.

Sasa tuseme lile lililokuwepo, maana wewe hukupenda mambo ya kufichaficha. Mama yako alitaka umletee mjukuu. Alilisema kwa utani, akalisema kwa hasira, akalisema kwa kutumia watu. Ulipofikisha miaka arobaini na mitatu alilisema tena, mkiwa kwenye kamba ya nguo. Ukamaliza kukamua jezi uliyoishika, ukamwambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Nina watoto kumi na wawili, hata mmoja hakunyonya."

Mama yako alilijua jibu kabla hujafunga mdomo. Lilikuwa linadondosha maji mbele ya uso wake. Akasema, "Hicho si kitendawili, hicho ni kisingizio."

Ukacheka, ukamwomba mji. Akasema mji hana. Ukamwambia, "Basi kaa nacho, mama. Utanijibu ukiwa tayari." Na tangu hapo kila Jumapili, kibanio cha mwisho kikishabana, unauliza, "Bado?" Naye anajibu, "Bado." Jumapili kumi na tatu. Ile ya mwisho uliuliza kabla ya kufua, ukiwa umeshika kifua kama mtu aliyekimbia. Akakwambia, "Bado. Nenda kajilaze." Hayo ndiyo maneno uliyoondoka nayo.

Wageni wa msiba walipokwisha, mama yako alikuta beseni nyuma ya nyumba, maji yameshaoza. Akazisuuza jezi kwa maji matatu, akazianika peke yake. Alipobana kibanio cha mwisho alijikuta amesimama, amegeuza sikio upande wako. Alisimama hapo mpaka zikakauka.

Kisha akazikunja, akazitia kwenye mfuko. Wasichana wako walipokuja alikuwa ameshapanga la kusema: chukueni, poleni, kwaherini. Hakukusudia kuwakaribisha ndani. Kuwaona tu kulimchoma. Namba nne, nahodha wako, akamwamkia shikamoo, akakataa mfuko. "Hatujaja kuchukua, bibi," akasema. "Tumekuja kufua."

Mama yako akawaambia zimeshafuliwa. Ndipo yule mdogo wao, namba kumi na tano, uliyembandika jina la Kizibo, akasema polepole, "Kitendawili." Mama yako, kwa mazoea ya miaka yote, akasema, "Tega."

"Kapu langu halina kitako, nalijaza kutwa nzima halijai."

Akawauliza nani kawafundisha. Wakamweleza kuwa kila uliposimamisha mchezo kwa dakika moja, uliwategea kimoja kabla ya kuwaambia la mpira, na aliyeshindwa alikimbia uwanja mzima. Akauliza, je, wakishindwa wanatoa mji gani? Kizibo akasema, "Jikoni, bibi. Au uvunguni mwa kitanda. Mara nyingine kwa fundi saa." Watoto ambao hawajawahi kukanyaga jikoni kwetu, wala hawamjui fundi saa.

Mama yako akaufungua mlango wote.

Mwaka mzima wamekuja Jumapili. Wanafua, wanamwaga maji kuliko yanayotakiwa, wanatafuta vizibo vyako na kubishana mezani. Anayewafundisha sasa ni mwenzako mliyecheza naye. Walifungwa mechi nne mfululizo, wiki iliyopita wameshinda. Mama yako alikuwepo. Mtandio ulibaki mabegani. Kaptula ya Kizibo imeshafunguliwa pindo mara mbili.

Lakini wao wakishaondoka, kamba ikishajaa, hakuna anayeuliza. Tungetoa kila tulicho nacho tusikie lile "Bado?" lako, hata mara moja.

Jibu halikuwa gumu, Mlingoti. Lilikuwa linauma. Mama yako anakuomba radhi kwa neno lile la kisingizio. Mji hatoi, maana hajashindwa. Jibu analiweka hapa, mbele ya watu wote.

Tunaokukumbuka ni mama yako. Kaka yako na mkewe. Mdogo wako wa kike na mumewe. Shangazi yako aliyekupa viatu vya kwanza. Wale wanne wanaokuita shangazi na wawili wanaokuita mama mkubwa. Wenzako wa dukani. Na watoto wako kumi na wawili, kuanzia namba nne hadi namba kumi na tano, ambao ni wajukuu wa mama yako.

Jumapili tunaanika. Kukusahau hatuna siku.