Siku Kumi na Nne

Bukoba, 25 Februari 1946

Mpendwa dada Adventina,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, natumaini nanyi ni wazima. Ndui imefika Muleba. Tarehe 4 Machi wachanjaji watakuwa Ngenge. Kutoka Kishanda ni mwendo, najua, lakini mpeleke Buberwa, nawe uchanjwe. Mumeo Rwegasira angekuwepo angekwambia hivyo hivyo.

Kaka yako,
Josia


Kishanda, 17 Machi 1946

Kaka mpendwa,

Habari za hapo? Sisi tupo. Buberwa tulimzika Ijumaa.

Tulikwenda Ngenge kama ulivyosema. Mama mkwe alitufungia ndizi za njiani. Mchanjaji alimkwaruza mtoto kwanza, kisha mimi, kwa kisu kile kile. Jumamosi homa ikaanza, vikafuata vipele vya ndui, na tarehe 15 akafa. Mkungu, mkuu wa kijiji, alikuja kuniuliza siku ya chanjo na siku ya kifo, nikamtajia zote mbili.

Sijalia. Napalilia kahawa, napika, nakula.

Dada yako,
Adventina


Bukoba, 24 Machi 1946

Dada,

Pole sana. Huku ofisini kazi ni nyingi, orodha za vifo zinafika kila siku. Karugendo, anayekuja huko, atakuletea sukari na sabuni.

Kaka yako,
Josia


Kishanda, 28 Aprili 1946

Kaka,

Shikamoo. Sukari ilifika. Afya yangu ni nzuri.

Jana mkungu alisoma orodha barazani: "Buberwa wa Rwegasira, miaka mitatu, hakuchanjwa." Niliomba kuiona. Mwandiko ni wako, kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika.

Nilimwonyesha mama mkwe kovu langu, nikamwambia tulichanjwa pamoja. Akasema: "Basi ulijichanja mwenyewe. Yeye alipolia ukamwonea huruma." Nikamkumbusha mchubuko aliouona mkononi mwa mtoto. Akasema karatasi ya serikali haikosei. Sasa anataka kumwandikia Rwegasira huko Uganda anirudishe kwetu.

Niandikie ukweli, usomwe barazani.

Dada yako,
Adventina


Bukoba, 6 Mei 1946

Dada,

Natumaini u mzima. Ni mimi niliyeandika, na nilijua ni mtoto wetu. Bwana Mkaguzi ameagiza hivi: anayekufa kabla ya siku kumi na nne, chanjo ilikuwa haijashika mwilini, basi aandikwe hakuchanjwa. Kitabu kina safu mbili tu, alichanjwa na hakuchanjwa. Watu wakisikia waliochanjwa wanakufa, watakimbia, na wengi zaidi watakufa. Katika hilo hakosei.

Barua ya kusomwa siwezi. Karani akipinga kitabu chake mwenyewe anafukuzwa.

Josia


Kishanda, 19 Mei 1946

Kaka,

Nimepokea. Buberwa alifika siku ya kumi na moja. Ulipotuambia twende Ngenge hukutaja siku.

Barua ya mama mkwe imekwenda Uganda.

Adventina


Bukoba, 2 Juni 1946

Dada,

Naona aibu. Mpe mkungu karatasi hii:

"Mimi Josia, karani niliyeandika orodha, nasema: Adventina alimchanjisha mwanawe Buberwa huko Ngenge, Jumatatu tarehe 4 Machi. Nililijua hilo nilipoandika hakuchanjwa. Mama huyu hakumficha mtoto."

Wakinifukuza, nitalima.

Kaka yako,
Josia


Kishanda, 23 Juni 1946

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi, kama bado unayo? Mimi sijambo.

Mkungu ameisoma karatasi barazani. Mama mkwe aliushika mkono wangu akalitazama kovu kwa muda mrefu, halafu akaenda jikoni. Ameandika barua nyingine Uganda, ya kuifuta ile ya kwanza. Nilidhani nitafurahi. Moyoni sijasikia kitu bado.

Mushumbusi, jirani yetu, aliniuliza kama ampeleke binti yake wachanjaji wakirudi. Nimemwambia ampeleke upesi. Nimemwambia pia kwamba mtoto akimfia kabla ya siku kumi na nne, aje kwangu. Mimi nitasema alichanjwa.

Dada yako,
Adventina