Mkono Uliozidi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unatembea bila mkongojo. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mdogo wangu amekuambia kwamba nilimchimbia shimo kazini, nawe ukanipigia simu kunikataza kukanyaga kwako mpaka nimwombe radhi. Sasa nisikilize na mimi.

Ofisini tunatengeneza programu ya kutunzia kumbukumbu za shule na hospitali. Bosi alitaka iwe nyepesi, tukaketi kuamua kipi kibaki kwenye kiini, yaani kila anayeinunua akikute humo, na kipi kiwe nyongeza ya kuwekwa na anayeitaka. Kazi ya huyo mwanao, mdogo wangu, ilikuwa utafutaji wa kumbukumbu kwa lugha yetu: ukiandika "mtoto", inakuletea na "watoto". Aliihangaikia miaka mingi, hata kula akasahau.

Bosi akasema ni mzigo, iwe nyongeza. Utafutaji kwa lugha za kigeni, ambao nao si mwepesi, hakuugusa. Nilimpinga. Nilisema karani wa hospitali hatajua kuna kitu cha kuongeza. Ataona faili halipo, atamrudisha mgonjwa nyumbani, basi. Bosi akajibu kwamba nyumba haijengwi kwa kumfikiria kila mgeni.

Nikamwambia, "Hao si wageni, bosi. Ndio wenye nyumba."

Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Tuliotaka ubaki kwenye kiini tulishindwa kwa mkono mmoja.

Mama, mkono huo ulikuwa wa mwanao.

Hakunitazama. Baadaye, kwenye ngazi, nilimuuliza kulikoni. Akasema bosi amemwahidi ukuu wa kitengo kipya cha nyongeza. "Dada, humo ndani ningebaki fundi tu. Huku nje nitakuwa mkubwa."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Yake ilimpasukia mkononi. Kitengo kilifungwa kabla hajapewa hata meza, naye akaachishwa kazi. Nyongeza yake haina tena wa kuitunza. Akaona heri akuambie kuwa nilimtoa mimi kuliko kukiri kwamba alijitoa mwenyewe.

Radhi sitaomba. Wala usimsimange; akija kula, mwache ale ashibe. Yeye nimeshamzoea. Kilichoniuma, Mama, ni kwamba wewe hukuniuliza.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na huyo mwanao pia. Mungu akupe afya.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza