Mapigo Saba ya Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ngosha, yule msanii kijana anayevuma, kasema redioni mapigo saba ya wimbo wake ni "asili ya mababu". Mababu wa nani? Yametoka kwenye albamu yangu ya kwanza, 2007, wimbo wa tatu! Nimehesabu: wasanii kumi na wanne Mwanza hii wanapiga saba. Aliyenitaja — sifuri.

Nimepiga simu kituo cha redio. Wakanijibu: njoo Jumamosi na ushahidi, mama, la sivyo tutasema mdundo ni wa asili, hauna mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Ushahidi upo. Bugobogobo, ngoma ya mababu tunayoiimba sote, inachezwa kwa majembe mkononi. Mapigo nane, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ukipiga saba, jembe linashukia kisigino cha mwenzako! Babu gani alicheza hivyo?

Saba lilikuwa kosa. La Shimba, mpiga ngoma wangu. Aliruka pigo moja, umeme ukakatika, siku yetu ya studio ikaisha. Ikabaki hivyo. Miaka kumi na minane namtangaza kuwa ni mlevi aliyeniharibia albamu.

Na shahidi ni yeye tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kumfuata Shimba kwake. Hata karibu sikuambiwa.

"Wilhelmina! Ulinitangaza mlevi mpaka Nansio kisiwani. Leo kosa langu limekuwa tamu?"

Nikamwambia aje redioni aseme tu alikosea, basi. Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe, Selina, akapaza sauti toka jikoni: shemeji, omba radhi kwanza, ngoma baadaye.

Sikuomba. Nilienda kwa kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne na dakika kumi. Niko kwenye benchi la kituo cha redio, nje ya studio. Shimba kaja, na Selina nyuma yake! Kanipita bila salamu, kaingia kwanza. Namsikia kwenye spika.

Mtangazaji: mzee, yale saba ni ya mababu?

"Mababu wangekatana miguu. Nilikosea mimi."

Safi! Kupitia kioo cha studio namwona Ngosha anavua vipokea sauti.

Kisha mzee anaongeza: "Nilitaka turudie. Wilhelmina akakataa. Akasema acha hivyo hivyo, iko siku wataiga."

Uongo! Sikusema. Nililia, nikamtukana mbele ya marehemu fundi mitambo, nikamnyima nauli ya kivuko.

Ngosha ananipigia makofi nyuma ya kioo. Mtangazaji ananiita kwa mkono — ingia, mama, utuambie kama ni kweli. Selina kasimama mlangoni, hanipishi, ananitazama tu.

Shimba anasogeza maikrofoni upande wangu. Kainamisha kichwa, anangoja nichague: uongo wake, au radhi yangu —