Mwenzako wa Kupiga Mazombi

Sfax, Jumapili

Kaka Wajdi,

Sisi wazima. Mama anasaga pilipili za harisa, na taa ya sebuleni imevunjika tena.

Yule mwenzako wa kupiga mazombi kwenye mchezo wa mtandaoni, asiyesema neno, unayemcheka kwamba analenga kama amefumba macho, ni Baba. Tangu mgombane ukaenda zako Lyon, hataki hata jina lako litajwe. Lakini kila jioni anaazima miwani yangu ya mchezo, ile inayoziba macho na kukuingiza humo ndani, anajipa jina la uongo, anazima kipaza sauti, anapigana akirusha mikono sebuleni mpaka jasho linamtoka. Taa kaivunja yeye. "Ole wako umwambie!" kanitishia.

Basi mimi sijakwambia. Ila mazombi wakikuangusha, usiharakishe kuinuka. Ngoja mwenzako aje akuinue, maana hapo ndipo Baba anapokushika mkono.

Dadako mmbeya,
Olfa